Picha tamu ya tangazo isikuuzie kamera mbovu

VIJANA wengi mijini sasa wanatafuta riziki kwa kamera. Kuna anayepiga picha za ruracio wikendi, mwingine za mahafali, mwingine za nguo na viatu vinavyouzwa mtandaoni. Kamera ya kwanza mara nyingi hununuliwa kwa pesa za chama, mkopo wa simu au akiba ya miezi. Ukiuziwa mbuzi kwenye gunia hapo, biashara imekufa kabla ya kuanza.

Ndiyo maana tunasema wazi: usitoe doo kwa sababu tu picha za mfano zimekubamba.

Hata kampuni kubwa zimewahi kunaswa. Septemba 2012, Nokia iliomba radhi baada ya kubainika kuwa video ya kuisifu simu ya Lumia 920 haikurekodiwa kwa simu hiyo. Taswira kwenye kioo cha dirisha ilimwanika mpigapicha akiwa na kamera kubwa. Mwaka wa 2016, Huawei nayo ilinadi simu ya P9 kwa picha ambayo taarifa zilizobaki ndani ya faili zilionyesha ilipigwa kwa Canon EOS 5D Mark III. Sembuse jamaa usiyemjua anayeuza kamera iliyotumika?

Picha ya kweli pia inaweza kukupotosha. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa takriban pikseli 6,000. Ikifika Instagram, inabanwa hadi pikseli 1,080 hivi. Kwa udogo huo, chenga za gizani na kingo zilizofifia hazionekani. Kamera ya elfu ishirini na ya laki mbili zinakaa pacha. WhatsApp nayo huibana picha na kufuta taarifa zake, isipokuwa itumwe kama hati.

Kwa hivyo, itisha faili halisi, jinsi ilivyotoka kwenye kamera bila filta. Ifungue kwenye kompyuta na uikuze hadi asilimia 100. Linganisha pembe nne na katikati: je, zote zimekaza? Tazama nywele na nyuzi za nguo. Zikionekana kama zimepakwa rangi ya maji, kamera imefuta chenga pamoja na undani wa picha. Tazama gauni jeupe la bibi harusi. Mikunjo ikiwa imepotea, hakuna programu itakayoirudisha kwenye JPEG.

Kisha soma mipangilio. Mchana, kwa ISO 100, karibu kila kamera iko fiti. Itisha picha ya ISO 3200 au 6400, maana sherehe zetu huishia usiku, chini ya hema lenye taa za rangi. Uliza pia lenzi iliyotumika. Picha nyingi za kunadi kamera hupigwa kwa lenzi ghali kuliko kamera yenyewe, na lenzi hiyo haimo kwenye boksi unalopewa.

La muhimu zaidi ni ngozi. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Weusi tukatoka kama vivuli. Teknolojia imesonga, lakini picha ya uso mweupe bado haikwambii kamera itamtendea vipi nyanyako mweusi aliyekaa kando ya shela jeupe. Mteja wako ni huyo nyanya.

Wapo wasee watakaosema kazi ni ya mpigapicha, si ya kamera. Ni kweli, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoamini picha ya mtu mwingine: unaona ustadi wake na mwanga wake, na hivyo haviuzwi pamoja na kamera.

Wenye maduka, kuanzia Luthuli Avenue hadi Mombasa, wana wajibu pia. Mruhusuni mteja aweke kadi yake ya memori, apige picha kumi pale dukani na nje mlangoni, aende akazikague nyumbani kabla ya kulipa. Duka likikataa, kijana, shika njia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.