Wanaopima Haki kwa Mawe Mawili

Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Irak yaliingia Kuwait. Tarehe 6 Agosti, siku nne tu baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuifungia Irak biashara: isiuze mafuta yake, wala asiuziwe bidhaa. Dola kubwa zilisema kwa sauti moja kwamba nchi ya watu haitwaliwi kwa bunduki. Maneno hayo ni ya haki, nasi twayakubali.

Lakini twauliza: mwaka 1975 maneno hayo yalikuwa wapi?

Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa shauri lake juu ya Sahara ya Magharibi, iliyokuwa koloni la Hispania. Iliona kwamba baadhi ya makabila ya huko yaliwahi kumtii Sultani wa Morocco, lakini utii huo haukuifanya nchi ile kuwa mali yake. Wenye nchi waamue wenyewe. Tarehe 6 Novemba Mfalme Hassan II akawavusha mpaka maelfu ya watu wake. Siku ile ile Baraza la Usalama likakutana, na likafanya nini? Likasema linasikitika! Likaitaka Morocco iwaondoe watu wale, kisha likanyamaza. Tarehe 14 Novemba, huko Madrid, Hispania ikatia sahihi kuwaachia Morocco na Mauritania utawala wa nchi isiyokuwa yake. Mwizi alipochoka na mzigo aliwapa wezi wenzake, hakumrudishia mwenye mali.

Hivyo Kuwait ililetewa kamba ya kumfunga mvamizi, na Wasahara wakaletewa rambirambi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mwaka 1991, baada ya vita vya miaka kumi na mitano na zaidi, Umoja wa Mataifa uliwaahidi Wasahara kura ya maoni, ipigwe Januari 1992. Wakaweka silaha chini wakangoja. Kura hiyo haikupigwa. Badala yake, Desemba 2020, Rais Trump wa Marekani alitangaza kwamba nchi ile ni ya Morocco, siku hiyo hiyo Morocco ilipokubali kurudisha uhusiano na Israel. Nchi ya Waafrika ikawa chenji ya biashara ya watu wengine. Hispania ikafuata njia hiyo mwaka 2022, Ufaransa 2024, Uingereza 2025. Na tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio kwamba mazungumzo yafuate mpango wa Morocco wa kuwapa Wasahara madaraka ya ndani, chini ya Mfalme.

Ndugu zetu, sisi wa Afrika Mashariki twalijua neno madaraka. Kwetu lilikuwa ngazi ya kupandia Uhuru. Madaraka ya Mfalme ni mlango unaofungwa kwa nje.

Kwa nini dola hizi hazioni? Zinaona sana. Zinaona fosfeti ya Bou Craa, inayosafirishwa kwa mkanda wa karibu kilomita 100 mpaka baharini. Zinaona samaki wa pwani ile. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, mahakama yao wenyewe, iliamua kwamba mikataba ya biashara na uvuvi iliyoihusisha Sahara haifai, kwa kuwa wenye nchi hawakuiridhia. Mwaka mmoja baadaye wakubwa wa Ulaya wakafunga mkataba mwingine na Morocco.

Wapo watakaosema: vikwazo vya uchumi huumiza maskini, tazameni Irak. Ni kweli. Watoto wa Irak waliteseka miaka mingi na watawala wao wakala wakashiba. Nasi hatumtakii njaa mkulima wa Morocco, ambaye hana kosa. Tunalotaka ni jepesi zaidi: asinunue mtu mali ya wizi. Hicho si kikwazo, ni uaminifu wa sokoni ambao kila mchuuzi wa Kariakoo anaujua.

Na jambo hili lawezekana. Mei 2017 meli iliyobeba fosfeti ya Sahara ilizuiwa Port Elizabeth, Afrika Kusini. Mwaka 2018 mahakama ya huko ikaamua kwamba shehena ile ni mali ya Wasahara. Bandari moja na majaji wachache wa Afrika walifanya ambalo Baraza la Usalama halijafanya tangu 1975.

Tusingoje ruhusa ya wakubwa. Mwaka 1981 Marekani, Uingereza na Ufaransa zilipiga kura ya turufu kuzuia vikwazo dhidi ya Makaburu waliokuwa wameikalia Namibia. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990, kwa sababu wananchi wake hawakukata tamaa na Afrika haikuwatupa.

Je, leo Afrika imesimama wapi? Mwaka 1964, huko Cairo, Mwalimu Nyerere alipeleka azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya Uhuru. Mwaka 1978 Tanzania iliitambua Jamhuri ya Wasahara. Septemba 2022 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilisema kwamba kuikalia nchi ile ni kuvunja haki ya watu wake kujiamulia, na kwamba nchi zote za Afrika zina wajibu wa kuwasaidia. Mwezi ule ule Rais mpya wa Kenya alitangaza kwamba Kenya haiitambui tena Jamhuri hiyo, kisha tangazo likafutwa. Nchi ya watu si shati la kuvaa asubuhi na kuvua jioni!

Basi tunasema wazi. Serikali zetu zisitie sahihi mkataba wowote unaogusa fosfeti au samaki wa Sahara bila ridhaa ya Wasahara. Bandari zetu zisipokee shehena hiyo. Na wanachama, kila tawi, waulize viongozi wao katika mikutano: mmesimama upande gani? Tukikubali leo kwamba mpaka wa mnyonge hufutwa kwa fedha, kesho tutautetea wa kwetu kwa maneno gani?