Umri wa gari usihesabiwe forodhani tu

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, imeweka mpaka wa miaka 15. Lakini umri huo huhesabiwa forodhani tu. Baada ya hapo gari huzeekea mikononi mwa mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ndiye fundi.

Ufundi huo si wa kudharauliwa wote. Kipande cha sabuni ya mche kwenye tobo la tangi kimewafikisha wengi gereji, na bampa iliyofungwa kwa waya haiui mtu. Balaa ni breki. Wapo wanaotia maji mafuta ya breki yanapopungua, na wapo wanaobana paipu ya gurudumu linalovuja ili matatu yaliyobaki yashike. Mjini, kwenye tambarare, gari husimama na mwenyewe hujiona ameokoa fedha. Mafuta mapya ya breki huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200. Maji huchemka kwa 100. Kwenye mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu breki zikishika moto, maji hugeuka mvuke na pedali huzama hadi chini.

Serikali za Afrika Mashariki zikague breki za magari makuukuu kila mwaka, ya binafsi yakiwemo, na cheti kimoja kitambuliwe Namanga na Malaba. Ushuru wa pedi na mafuta ya breki nao upunguzwe, maana anayetia maji mara nyingi amekimbia bei.