Herufi Nene Si Mzaha

Mama mmoja mwenye duka la dawa alimwomba kijana wa mabango amwandikie jina la duka kwa herufi nene za mviringo. Kijana akacheka. "Mama, hizo ni za peremende na katuni. Dawa ni jambo zito."

"Mwanangu, wagonjwa wangu wengine huja usiku, na miwani wameiacha nyumbani."

Kijana akashinda.

Anachoamini ndicho wanachoamini wengi: herufi nyembamba yenye kona kali ina heshima, nene ya mviringo ni ya mzaha, tena ni ushamba wa miaka ya 1970. Hayo ni majivuno tu.

Tuanze na umri. Cooper Black, mashuhuri kuliko zote za aina hii, ilitolewa Chicago mwaka 1922. Aliyeichora, Oswald Cooper, alikuwa fundi wa maandishi ya matangazo. Wachapaji wahafidhina waliikunjia uso, wateja wakaigombania. Mwaka 1925 Frederic Goudy, aliyewahi kuwa mwalimu wake, alichora Goudy Heavyface kwa agizo la kampuni ya Monotype, iliyotaka herufi ya kushindana nayo. Mwalimu hahangaiki kushindana na mzaha wa mwanafunzi wake.

Sasa isogelee. Ncha zake zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. O imeegea nyuma kidogo, kama mzee aliyeshiba. Mikia ya p na g ni mifupi, hivyo mistari hubanana bila kugongana. Na kwa kuwa haina kingo kali, ukiipanga juu-juu au wino ukitambaa kidogo, jicho halishtuki. Ndiyo maana watu wa miaka ya 1970 waliibandika hadi kwenye fulana kwa pasi: iliwasamehe mafundi wasio na mkono wa fundi.

Kuhusu uzito, tazama jalada la Pet Sounds, albamu ya Beach Boys ya mwaka 1966. Juu kuna herufi hizo hizo zilizonona, chini vijana wanalisha mbuzi. Ndani ni upweke na mapenzi yanayofifia. Unene wa herufi haukuizuia huzuni hiyo kupenya. Na easyJet imeichora Cooper Black ubavuni mwa ndege zake. Abiria hupanda, hufunga mkanda, wala hawadhani wameingia ndani ya pipi.

Sisemi tuchapie kitabu kizima. Aya tatu tu zingechosha macho. Ni herufi ya kichwa cha habari na ya bango, na kazi ya bango ni kumwita mtu aliye mbali.

Bango la mama liliandikwa kwa herufi nyembamba za kijivu. Nilipita pale saa mbili usiku. Mzee mmoja alikuwa amesimama chini yake, akimuuliza dereva wa bodaboda duka la dawa liko wapi.