Mgonjwa wa saratani asiyelala asiambiwe avumilie

Mgonjwa wa saratani akirudi Mbulu au Hanang kutoka Haydom, KCMC Moshi au Ocean Road Dar es Salaam, ndugu humuuliza kuhusu maumivu na chakula. Wachache humuuliza kama analala. Naye hunyamaza, akidhani kukesha ni sehemu ya ugonjwa.

Kukosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, ni tatizo la kiafya lenye tiba yake. Usisubiri miezi hiyo ipite ndipo useme.

Kwanza chanzo kitafutwe. Maumivu yakizidi usiku, huenda dozi inahitaji kurekebishwa. Deksamethasoni na prednisoloni zikimezwa jioni huweza kukuacha macho. Muulize daktari kama unaweza kuzimeza asubuhi, ila usiziache mwenyewe. Hofu na mawazo ya nauli navyo hukesha na mtu, vitaje.

Nyumbani, amka saa ileile kila siku na uote jua la asubuhi. Ukilala mchana, isizidi nusu saa. Chai na kahawa ziishie mchana. Usingizi usipokuja kwa dakika kama 20, usigaegae kitandani: jifunike blanketi, kaa mahali tulivu, urudi ukisinzia. Baridi ya Mbulu isikufanye uingize jiko la mkaa chumbani. Hewa yake huua.

Usinunue diazepamu dukani bila ushauri wa daktari. Ikichanganywa na mofini au pombe, inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kifo. Pombe yenyewe huleta usingizi kisha huukatiza usiku wa manane.

Mzazi, mtoto anayetibiwa saratani akikesha, usimpe dawa ya mafua ili asinzie. Mweleze daktari.

Safari ya hospitali ni ndefu na kila hudhurio lina gharama. Kwa hiyo nenda na daftari: umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, dawa umemeza saa ngapi. Kurasa za wiki moja humsaidia daktari kuliko neno "silali".

Kliniki nazo zisingoje mgonjwa apate ujasiri wa kusema. Anayeulizwa kuhusu maumivu kila hudhurio aulizwe pia: unalalaje? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti, na mwili unaopigana na saratani unahitaji kupumzika.