Kukaa Bure Si Kosa

Haya, vijana wenzangu, tuulizane bila kupakana mafuta. Jumamosi saa nane mchana, mfukoni una nauli ya kurudi tu, utakaa wapi katika jiji hili la Nairobi? Hotelini ukiagiza chai moja, mhudumu atakupitia mara tatu akifuta meza iliyo safi. Ukisimama kwenye veranda ya duka, soja anakuuliza, "We, unangoja nani?" Arboretum unalipa langoni. Karura unalipa. Nyumbani ni chumba kimoja, redio, watoto na sufuria ya maharagwe. Ndiyo maana nasema, na atakayenuna anune: Uhuru Park ni sebule yetu sisi tusio na sebule.

Wapo wanaotucheka. Eti benchi na vyoo ni mambo madogo, mwandishi aandike juu ya ukombozi. Ukombozi gani huo usio na mahali pa kuketi? Bustani ile ilifunguliwa 1969, na miaka 20 baadaye ilinusurika kumezwa. Mwaka 1989 KANU, kupitia kampuni ya gazeti lake, ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua ofisi baada ya ofisi, akauliza kama Waingereza wangekubali jambo kama hilo Hyde Park. Bungeni wakamkejeli. Rais Moi akamkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika huheshimu wanaume. Mama hakutikisika. Wawekezaji wa nje wakajitoa, na jumba likafia kwenye karatasi.

Sasa piga hesabu. Jumba lingejengwa, akina mama wa wafungwa wa kisiasa wangegomea wapi kula mwaka 1992? Waliketi pale pembeni, Freedom Corner. Polisi wakaja na rungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Walipofukuzwa waliendelea kudai wana wao kutoka kanisa la All Saints, hapo karibu, na wengi wa wafungwa hao wakaachiliwa 1993. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikazinduliwa katika bustani hiyo hiyo. Nani bado anasema nyasi ni jambo dogo?

Kisha 2021 ikafungwa, tukaambiwa inakarabatiwa. Sikatai ukarabati, manze, nani asiyependa njia nzuri? Lakini kufuli ilikaa zaidi ya mwaka mzima. Mpiga picha, muuza njugu, mhubiri wa saa saba, msichana na mpenzi wake wasio na doh ya sinema, wote wangoje. Bustani ya watu ikifungwa, mkubwa hakosi pa kupumzikia. Yeye ana klabu yake ya gofu.

Najua jibu lao: "Mkiachiwa mtaharibu. Mtakojoa kwenye maua." Ni kweli, wapo wanaokojoa kwenye maua. Lakini binadamu akinywa maji lazima akojoe. Choo kikikosekana, au kikitaka shilingi asizo nazo, atatafuta mti. Takataka huanguka pasipo na pipa. Na wezi? Mwizi anapenda giza na upweke. Weka taa, jaza watu, uone kama atapata raha. Ukiwafukuza watu ili bustani ipendeze, umemtayarishia yeye kiwanja.

Basi tunadai nini? Vyoo vya bure, vyenye maji. Mabomba ya maji ya kunywa. Benchi chini ya kivuli, ndefu, watu wanne waweze kusomeana mashairi yao. Lango liwe wazi tangu asubuhi hadi jioni, kila siku. Na kanjo wafundishwe kwamba kijana mwenye daftari si mhalifu. Mashua za pale ziwani zilipiwe, sawa, hiyo ni starehe. Kukaa kusilipiwe kamwe.

Nasi waandishi chipukizi tusijifanye mambo haya hayatuhusu. Tukinyamaza kwa kuwa mada haina ushujaa, siku moja tutakuta kibanda cha tikiti na mtu anayetuuliza tumekuja kufanya nini. Andikia kaunti. Andikia gazeti. Ukurasa mmoja unatosha, na stempu si ghali. Maathai naye alianza na barua.