Hukumu Kabla ya Mbio

Usikubali hukumu itangulie ushahidi. Valentina Petrillo wa Italia, ambaye macho yake yalianza kufifia utotoni, alihesabiwa mwanamume hata mwaka 2019, alipoanza matibabu ili aishi kama mwanamke. Mwaka 2023 alipata shaba mbili za dunia. Paralimpiki ya Paris ilipowadia mwaka 2024, wengi walipiga kelele kwamba atawapokonya wanawake medali. Kumbe hakufika fainali hata moja. Mwanamke aliyeshindwa naye ana haki ya kuuliza kama mbio zilikuwa sawa, na yafaa ajibiwe kwa vipimo na kanuni. Lakini amtukanaye mkimbiaji aliyetii kanuni zilizowekwa hatetei haki, bali atetea chuki yake tu.