Jina la msomaji si habari

Kwa familia iliyokimbia vita, orodha ni kitu cha kila siku. Jina lako likiwemo, unapata unga, mafuta na turubai. Likikosekana, unarudi kwenye hema mikono mitupu. Ndiyo maana tumezoea kutoa majina yetu, namba za simu na hata alama za vidole kwa yeyote anayefika na koti la shirika na kalamu.

Lakini orodha hiyo hiyo, ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya, inamwonyesha nyumba ya kwenda kugonga usiku. Wakaaji wa Kivu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Leo nazungumzia watu ambao kwao orodha haijawahi kuleta unga, imeleta mawe tu: wapenzi wa jinsia moja na wale wanaoitwa LGBT. Nazungumzia hasa magazeti madogo wanayoyaandika wao wenyewe, na deni ambalo gazeti la namna hiyo linalo kwa msomaji wake.

Ndugu msikilizaji, usifunge redio kwanza. Sikuombi ubadilishe imani yako wala mafundisho ya kanisa au msikiti wako. Nakuomba tuangalie swali moja: mtu akimwamini mwanahabari na kumpa siri yake, siri hiyo inakuwa mali ya nani? Jibu langu ni kwamba inabaki mali ya mtu huyo, hata ikiwa imeshaandikwa, hata ikiwa imeshachapwa. Gazeti lisiloweza kuishi kwa kanuni hiyo halistahili kufunguliwa.

Yaliyotokea Kampala

Mfano nautoa Uganda. Zaidi ya nusu milioni ya Wakongomani wanaishi huko kama wakimbizi, wengi katika makambi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja. Familia nyingi zinazonifuata hapa zina mtoto au shangazi huko. Mambo ya magazeti ya Kampala basi si mambo ya mbali.

Mwezi wa Oktoba 2010, gazeti dogo la Kampala lililoitwa Rolling Stone, ambalo halihusiani na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapa picha na majina ya watu liliowaita mashoga. Kwa baadhi yao liliandika hata mahali wanapoishi. Kwenye ukurasa wa mbele paliandikwa maneno ya kutaka wanyongwe. Watu watatu walikwenda mahakamani, mmoja wao akiwa mwalimu David Kato. Tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu iliwapa haki. Jaji alisema wazi kwamba kesi haikuhusu ushoga wenyewe, bali haki ya kila mtu kuheshimiwa utu wake na kuachiwa maisha yake ya nyumbani. Gazeti liliamriwa kuwalipa shilingi milioni 1.5 kila mmoja.

Tarehe 26 Januari, wiki tatu tu baada ya hukumu, David Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono akafa. Polisi ilisema kifo hicho hakikutokana na kazi yake ya kutetea haki, na mtu mmoja akafungwa miaka 30. Sitaki kusema zaidi ya yale mahakama iliyosema. Nasema tu kwamba shilingi milioni 1.5 haikuweza kurudisha picha iliyokwisha kuenea sokoni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa vilevile. Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Kesho yake gazeti la Red Pepper likatangaza orodha ya watu 200. Mahakama ya Katiba ilifuta sheria hiyo tarehe 1 Agosti mwaka huo, lakini hakuna mahakama inayoweza kufuta orodha kwenye vichwa vya majirani.

Ndipo watu hao walipoamua kujiandikia. Mwishoni mwa 2014, Kasha Jacqueline Nabagesera, ambaye alikuwa miongoni mwa wale watatu walioshinda kesi, alitoa pamoja na wenzake jarida la bure lililoitwa Bombastic. Nakala karibu 15,000 zilisambazwa nchini. Ndani yake watu walisimulia maisha yao kwa maneno yao wenyewe. Wengine walitia majina yao, wengine walijificha. Tofauti kati ya Bombastic na orodha ya Red Pepper haiko kwenye mada, maana mada ni moja. Iko kwenye swali la nani ameamua jina litoke.

Kuchagua kujitaja na kutajwa

Wapo wanahabari wanaosema: "Mtu asiyetaja jina lake hana ushahidi, habari yake ni uongo." Hiyo si kweli. Mhariri anaweza kumjua msimulizi, akamwuliza maswali mara mbili, akatafuta mtu wa pili anayejua jambo hilo, kisha akachapa bila jina. Msomaji hahitaji jina la mtu ili aamini habari. Anahitaji kujua kwamba kuna mhariri aliyefanya kazi yake. Jina likijulikana na mhariri mmoja linatosha. Likijulikana na ofisi nzima, limeshatoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na makata yakiwa kumi, mtungi hauna siri tena.

Upo pia mtego ambao magazeti haya madogo hukutana nao. Barua inafika: "Yule mchungaji anayetulaani kila Jumapili, yeye mwenyewe ni mwenzetu." Tamaa ya kuchapa inakuwa kubwa, na wasomaji watafurahi. Mimi nasema barua hiyo isichapwe. Kama mchungaji ameiba mchango wa kanisa, andika wizi. Kama amemdhuru mtoto, peleka jambo hilo kwenye sheria na uandike. Lakini kama kosa lake ni unafiki tu, jibu mahubiri yake kwa hoja. Gazeti lililoanzishwa na watu waliofichuliwa, likianza kufichua wengine, linakuwa Rolling Stone ya upande wa pili. Na kila msomaji atakayeona ukurasa huo atajiuliza kimoyomoyo: siku nikikosana na mhariri, itakuwaje?

Siri ya yule anayesoma tu

Tunafikiria sana wale wanaosimulia, tunasahau wale wanaosoma. Kumbe wao ndio wengi. Msichana aliye kambini, anayeazima simu ya kaka yake kusoma ukurasa mmoja, hajamwandikia mhariri hata neno. Lakini simu imeweka alama ya alikopita. Gazeti likimwuliza jina, namba na mtaa kabla ya kumruhusu kusoma, limeshamwandikia orodha. Likimwingiza kwenye kundi la WhatsApp, kila aliye ndani ya kundi anaona namba yake, na mpelelezi mmoja akiingia anazibeba namba zote.

Hata makampuni makubwa huanguka hapa. Grindr, programu ya simu inayotumiwa na wanaume wanaotafuta wapenzi wanaume, ilikiri mwaka 2018 kwamba kampuni nyingine mbili zilikuwa zikipata habari za watumiaji wake, ikiwemo hali yao ya virusi vya UKIMWI. Mwaka 2021 mamlaka ya Norway iliitoza faini ya kroni milioni 65 kwa kuwapa watangazaji wa biashara habari za watu, hata mahali walipo, bila ruhusa ya kweli. Kampuni hiyo ina mafundi na mawakili. Gazeti la watu wanne lenye kompyuta moja halina. Dawa yake basi ni moja, nayo haigharimu franga: usikusanye usichokihitaji. Kisichoandikwa hakiibiwi, na askari akichukua kompyuta hakikuti.

Jambo lingine linatoka kwa wafadhili. Anayeishi Goma, Bukavu au Uvira anajua: huwezi kufanya mkutano wa saa mbili bila karatasi ya waliohudhuria, jina, namba ya simu, sahihi, kisha picha ya pamoja. Mfadhili anataka uthibitisho kwamba pesa imetumika. Haki yake kujua. Lakini anahitaji hesabu, hahitaji nyuso. Gazeti dogo linapaswa kusema tangu siku ya kwanza ya mkataba kwamba litatoa idadi ya watu, risiti za chumba na chakula, na si majina. Mfadhili akikataa, pesa hiyo ni ghali mno. Najua ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa hana deni la kodi ya nyumba. Hata hivyo kodi hulipwa mwezi ujao, mtu aliyefukuzwa na familia yake harudishwi mwezi ujao.

Kisha kuna yule aliyeruhusu jana, leo anakataa. Alikuwa Kampala, sasa amerudi Beni kwa wazazi. Anaomba hadithi yake iondolewe. Mhariri atalalamika kwamba kumbukumbu za gazeti zinaharibika. Ziharibike. Kwenye intaneti iondolewe siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi haiwezekani, ndiyo maana kabla ya kuchapa mtu aulizwe mara mbili, si siku moja, na aelezwe waziwazi nani anaweza kuisoma: mjomba, mwenye nyumba, mkubwa wake wa kazi. Ruhusa ya mtu asiyejua hatari si ruhusa.

Na sisi hapa?

Sheria ya Uganda imekuwa kali zaidi tangu 2023. Inaweka kifungo cha maisha, na hata hukumu ya kifo kwa makosa fulani. Anayeonekana "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja, hata kwa kuchapa, anaweza kufungwa hadi miaka 20. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta baadhi ya vifungu, kikiwemo kile kilicholazimisha watu kuwashtaki jirani zao, lakini sehemu kubwa ilibaki. Mkimbizi wa Kikongomani aliye Nakivale yuko chini ya sheria hiyo.

Kwetu Congo, kanuni ya adhabu haitaji mapenzi ya jinsia moja kwa jina kama kosa, ingawa kifungu cha 176 juu ya maadili ya hadharani kimetumiwa kuwasumbua watu. Upande mwingine, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya maisha yake binafsi kuheshimiwa na mawasiliano yake kubaki siri. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Karatasi zipo. Lakini sheria huja baada ya jina kutoka, na mhariri ndiye anayesimama kabla.

Naandika haya kwenye ukurasa wa familia zilizokimbia vita kwa sababu tatizo hili linawagusa wote. Ni mara ngapi mama aliyebakwa amepigwa picha akiwa amegeuka nyuma, lakini kitenge chake na mlango wa hema vinaonekana, na kambi nzima ikamjua? Ni mara ngapi sauti ya mtoto aliyetoka kwenye kundi la wapiganaji imepita redioni pamoja na jina la kijiji chake? Wanaofanya hivyo mara nyingi si watu wabaya. Ni watu wenye haraka. Magazeti ya watu wa LGBT yamejifunza kwa machozi yale ambayo redio zetu za jamii bado zinayapuuza, na hakuna aibu ya kujifunza kwa mtu usiyekubaliana naye.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtu akija na kinasa sauti au simu, mwulize kabla hujafungua mdomo. Sauti hii itapita wapi? Nani ataandika jina langu, na daftari litalala wapi usiku? Nikibadilisha mawazo kesho, nakutafuta wapi? Picha unayopiga inahifadhi mahali tulipo? Akijibu vizuri, ongea naye. Akikasirika, mwambie asante, umrudishie kiti chake. Habari yako itangoja mwingine mwenye subira.

Na kwa wenzangu wa kazi: tukishindwa kulinda jina la mtu, tusichukue hadithi yake.